Maswali Kabla ya Nyundo: Hotuba kwa Wahitimu wa Fani ya Ujenzi

Kujihoji ni kazi ya kitaalamu kama ilivyo kupima udongo au kukokotoa uzito wa jamvi. Mtaalamu hujiuliza kabla ya kuamua, hulijibu swali lake kwa ushahidi, na huwa tayari kusimamisha kazi jibu likimkataza. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu. Swali lisiloweza kuzuia chochote ni pambo.

Kariakoo, eneo la maduka jijini Dar es Salaam, ndiyo shule kali ya jambo hili. Fremu moja ya duka pale ni mali: mpangaji hutoa kilemba, yaani malipo ya kuipata nafasi, kabla hata ya kodi, na mwenye jengo huiona kila mita ya ghorofa ya chini kama fedha iliyolala. Mhitimu atakayepata kazi Dar es Salaam huenda akaitwa mapema kwenye jengo la namna hiyo, aonyeshwe ukuta, aambiwe utolewe zipatikane fremu mbili. Fundi ameshashika nyundo. Wapangaji wameshalipa.

Swali la kwanza hapo ni ukuta huo umebeba nini. Halijibiwi kwa kuugonga kwa kiganja. Hujibiwa kwa michoro. Michoro isipopatikana, kwa kupanda ghorofa hadi ghorofa kutazama kinachosimama juu yake, na kubandua plasta ili ionekane kama kuna nguzo au matofali matupu. La pili ni lipi kati ya yanayojulikana limeonwa kwa macho, na lipi limesikika tu kwa mwenye jengo, dalali au fundi aliyetangulia.

La tatu ndilo linalorukwa: uamuzi ukiwa na makosa, dalili ya kwanza itajitokeza wapi, na ikijitokeza nani ana mamlaka ya kuwatoa watu nje? Ufa hufuatiliwa kwa kuweka alama ya penseli kwenye ncha zake na kuandika tarehe. Siku chache baadaye, ncha ikiwa imevuka alama, ufa unatembea. Lakini kiwango cha kusimamisha kazi na kufunga maduka lazima kiandikwe kabla ya ufa wenyewe kutokea. Ukishatokea, mwenye jengo ataona ni wa plasta, fundi ataona ni wa plasta, na kijana aliyeajiriwa juzi atashawishika kuona hivyo hivyo.

Dar es Salaam inajua gharama ya kutouliza. Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya mji liliporomoka na kuua watu 36. Jumamosi asubuhi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lenye maduka liliporomoka Kariakoo. Waliofariki walizidi 20. Waokoaji waliwapenyezea maji na hewa waliokuwa hai chini ya kifusi. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliunda tume ya kukagua majengo ya Kariakoo yote. Kutafuta chanzo ni kazi ya wachunguzi. Kinachowahusu wahitimu ni kwamba jengo hupitia mikono mingi, na kila mkono unaweza kusimama na kuuliza.

Kariakoo hiyo hiyo ina mfano wa swali lililozaa kitu kizuri. Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, alipopewa kazi ya soko kuu hakuanza na swali la jengo la soko lifananeje. Alirudi nyuma zaidi: watu wa huku wamekuwa wakiuziana wapi? Chini ya miti. Ndiyo maana soko lililofunguliwa mwaka 1975 likawa na nguzo za zege zinazotanuka juu kama miavuli, hewa ikipita, kivuli kikitosha. Anayetaka kuelewa usanifu na asimame pale chini atazame juu.

Maswali pia yanaweza kuandikwa yakawa utaratibu wa timu. Shirika la Afya Duniani lilitunga orodha ya mambo 19 ya kuthibitisha katika upasuaji: mgonjwa ndiye huyu, sehemu ya kupasuliwa ina alama, kama ana mzio wa dawa. Ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Madaktari wale walikuwa wanajua kazi yao. Orodha iliwalazimisha kuulizana kwa sauti.

Hapo ndipo fani ya ujenzi inapoumiza. Saiti nyingi bado zinaendeshwa kwa "sawa bosi". Kijana anayeuliza huitwa mbishi, na wapo wataalamu wanaogonga muhuri kwenye michoro ya jengo ambalo hawajawahi kulikanyaga. Muhuri wa namna hiyo ni uongo wenye wino, na hakuna njaa inayouhalalisha. Mwanasaikolojia wa Marekani Gary Klein aliandika mwaka 2007 juu ya dawa moja: kabla ya kazi kuanza, timu iambiwe kwamba mradi umeshashindwa, kila mmoja aandike kwa nini. Msaidizi wa fundi, aliyeona nondo zikipunguzwa usiku kwenye kazi iliyotangulia, hupata nafasi ya kusema bila kumpinga mtu. Wazazi waliojinyima hadi leo, na walimu waliosahihisha michoro ileile mara kwa mara, wanastahili wahitimu watakaoitisha kikao hicho.

Si kila uamuzi unahitaji maswali mengi. Rangi ya ukuta ichaguliwe hata kabla chai haijapoa, maana hurekebishika. Yasiyorudi nyuma, kama kukata nguzo, kuongeza ghorofa au kuchimba karibu na msingi wa jirani, ndiyo ya kulalia. Swali, jibu na jina la aliyejibu viandikwe kwenye daftari la saiti, kwa sababu majengo ya Kariakoo hubadilisha wenyewe, na mhandisi atakayeitwa miaka 20 baadaye atahitaji kujua ukuta ule ulikuwa umebeba nini.