Tutunze Vitu vya Wazee Pamoja na Habari Zake

(Hotuba ya mratibu wa miradi kwa kamati za sharika, Songea)



Katika nyumba nyingi za Songea bado kuna vitu vya wazee: mkuki, ngao ya ngozi, kigoda, Biblia iliyoandikwa majina ya waliozaliwa na waliofariki. Tunapotembelea mitaa tunaviona. Tukiuliza habari zake tunajibiwa, "Ni cha babu," na maelezo yanaishia hapo.

Kwa nini jambo hili lituhusu? Tarehe 27 Februari 1906, wakati wa Vita vya Majimaji, Wajerumani waliwanyonga viongozi wengi wa Wangoni hapa hapa mjini. Nduna Songea Mbano, ambaye mji wetu umepewa jina lake, naye alinyongwa mwaka huo. Ukoo wake umesimulia kizazi hadi kizazi kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Hawakubakiwa na kichwa hicho. Walibakiwa na habari, wakaishika. Tarehe 1 Novemba 2023, miaka 117 baadaye, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Makumbusho ya Majimaji, akakutana na wajukuu hao, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kukitafuta. Kama wazee wangenyamaza, nani angedai?

Tunafahamu kuwa wapo waumini wanaoogopa vitu hivi kwa sababu ya matambiko, hata wengine huvichoma moto. Tunasema kwa upole: kumkumbuka babu si kumwabudu. Mkuki ukichomwa au kuuzwa kwa mpita njia, mjukuu hupoteza ushahidi wa alikotoka.

Kwa hiyo tunaomba kila usharika ufanye mambo matatu. Kwanza, vijana wa kwaya na kipaimara wawatembelee wazee wakiwa na daftari. Pili, waandike kitu chenyewe, nani alikuwa nacho, alikipataje na alimrithisha nani. Mzee asomewe na kuthibitisha. Tatu, kitu kibaki kwa familia, nakala ya maandishi itunzwe ofisi ya usharika.

Ndugu wafadhili, kazi hii haihitaji jengo. Inahitaji madaftari, nauli za vijana na kamera moja kwa kila usharika. Tuianze sasa, wazee wangali wanaweza kutusimulia.