Simu ya mkononi kwenye kioo cha televisheni
Picha za harusi iliyofanyika Zanzibar zinapofika Muscat kwa simu ya mkononi, jamaa hutaka kuzitazama pamoja kwenye televisheni. Njia ni mbili: waya na mawimbi. Waya wa HDMI, mfumo uliotangazwa mwaka 2002, hauhitaji intaneti. Lakini si kila simu yenye tundu la USB-C hutoa picha, hivyo mnunuzi aulize kwanza asije akapoteza fedha zake. Miracast, iliyoanza mwaka 2012, hurusha picha hewani bila intaneti, mradi simu na televisheni zote mbili zina uwezo huo. Hata hivyo, kioo kikubwa hakina siri. Ujumbe wa benki ukiingia, wageni wote sebuleni watausoma. Arifa huzimwa kwanza, ndipo simu huunganishwa.