Bakuli lina jina, mfinyanzi hana

Juma hili natupia jicho nchi ya Japani. Sisemi habari za magari wala redio, bali bakuli la kunywea chai.

Katika sherehe ya chai ya Kijapani hakuna kikombe chenye mkono. Chai ya kijani iliyosagwa ikawa unga hutiwa ndani ya bakuli, ikaongezwa maji ya moto na kukorogwa kwa kifagio kidogo cha mwanzi. Mnywaji hulishika bakuli kwa mikono miwili, akalisikia uzito wake na joto lake.

Zamani wakubwa wa huko walitukuza mabakuli meusi yenye kung'aa kutoka China, yaitwayo tenmoku. Karne ya 16 mwalimu wa chai, Sen no Rikyu, alikuja na maoni mengine: chombo kisijitape. Kwa maoni hayo fundi Chojiro alifinyanga kwa mikono mitupu, bila gurudumu, mabakuli mazito, meusi na mekundu. Hayo ndiyo mabakuli ya Raku, na ukoo wa Raku ungali ukifinyanga mjini Kyoto.

Mwaka 1591 mtawala Toyotomi Hideyoshi alimwamuru Rikyu ajiue. Mwaka uliofuata akapeleka majeshi Korea, na vita vikaendelea hadi 1598. Makabaila wake walirudi na mateka, wakiwemo wafinyanzi. Wapenzi wa chai wa Japani wana msemo: kwanza Raku, pili Hagi, tatu Karatsu. Basi tanuri za Hagi zilianzishwa na wafinyanzi wa Kikorea, na Karatsu nayo ilistawi kwa ujuzi wao.

Hekalu la Daitoku-ji, Kyoto, lina bakuli liitwalo Kizaemon, ambalo ni Hazina ya Taifa. Lilifinyangwa Korea karne ya 16. Yanagi Soetsu, mwandishi wa mambo ya sanaa aliyelitazama mwaka 1931, alieleza kuwa lilikuwa bakuli la kawaida kabisa la kulia chakula cha watu maskini. Na Kizaemon ni nani? Ni mfanyabiashara wa Osaka aliyepata kulimiliki! Aliyelifinyanga hajulikani.

Atatokea wa kuniambia kwamba bila jicho la mabwana wa chai, bakuli lile lingevunjika jikoni likatupwa. Sikatai. Kuona uzuri ndani ya kitu duni ni kipaji. Lakini jicho halikandi udongo, wala halichochei moto wa tanuri.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Hapa pete imevikwa bakuli, na chanda kimesahauliwa. Nasi tunaposifu chombo kizuri, mkeka au mlango wa nakshi, tuulize kwanza: nani alikifanya, na je, alilipwa?