Mshambuliaji Huonekana Kabla ya Mpira Kumfikia

Mazungumzo na vijana wa kandanda, wazazi na walezi wa Kinanira, Bujumbura



Polisi wanapoitisha mkutano, wengi hudhani wamekuja kuuliza nani kaiba au nani kapigana. Leo tumekuja kuzungumza juu ya kandanda, na hasa juu ya mchezaji anayeshangiliwa kuliko wote uwanjani: mshambuliaji kijana. Kabla hatujamaliza mtaona kwa nini jambo hili linawahusu watu wanaolinda mipaka, na kwa nini tumeomba maneno haya yachapwe, ili ndugu zetu wa Gatumba, Kobero, Mugina na Gasenyi nao wayasome.

Tuanze na kazi yenyewe. Watu wengi humpima mshambuliaji kwa hesabu moja: amefunga mabao mangapi? Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini ni fupi. Mchezo una dakika 90. Katika muda huo mchezaji wa kiwango cha juu hukimbia kati ya kilomita 9 na 12, na mpira huwa miguuni mwake dakika mbili au tatu tu. Basi swali la haki ni hili: katika dakika 87 zilizobaki kijana huyu anafanya nini? Anasimama mikono kiunoni akingoja pasi, au anafanya kazi?

Kazi hiyo ina sura nyingi, na mtazamaji asiye makini haioni. Beki wa timu pinzani anapopewa mpira, mshambuliaji humwendea mbio. Huenda asiunyang'anye, lakini humlazimisha kuupiga mbele bila kuangalia, na wenzake wanauokota katikati ya uwanja. Mara nyingine hukimbilia pembeni akijua wazi kwamba hatapewa pasi. Beki anamfuata, mlango unabaki wazi, mwenzake anapita na kufunga. Jina linaloandikwa ni la mwenzake, lakini nusu ya bao ni lake. Na timu yake inapopoteza mpira, yeye ndiye beki wa kwanza, kwa kuwa yuko karibu kuliko wote. Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Anayezunguka bila kuchoka hukutana na mpira ambao aliyesimama ataita bahati.

Hata hivyo bidii peke yake haitoshi. Tumeona vijana wanaokimbia kama upepo na hawafiki popote, maana wanaufuata mpira ulipo wakati mwenzao anakwenda utakapokuwa. Hapo ndipo inapoingia akili ya mchezo. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, aliwachunguza wachezaji wa ligi kuu ya Uingereza kwa kuhesabu ni mara ngapi wanageuza kichwa kutazama pande zote kabla ya kupokea mpira. Aligundua kuwa wale wanaotazama mara nyingi zaidi ndio ambao pasi zao hufika zaidi. Wanapouona mpira unakuja, tayari wanajua adui yuko wapi, mwenzao yuko wapi na nafasi iko wapi. Miguu hutekeleza jambo ambalo macho yalikwisha kuliamua.

Walimu wa kandanda mliopo hapa, jambo hili halihitaji fedha. Katika kiwanja cha vumbi chenye mawe manne badala ya milingoti, mwalimu anaweza kumwuliza kijana kabla pasi haijamfikia: nani yuko nyuma yako? Akishindwa kujibu, mchezo unasimama, anageuka, anatazama, kisha wanaendelea. Baada ya majuma machache shingo inazoea kugeuka yenyewe.

Wapo wanaofikiri sifa hizi ni za kandanda peke yake. Hebu tutazame mbali kidogo. Huko Australia kuna mchezo wao wenyewe, unaochezwa kwa mpira wa umbo la yai, wachezaji 18 kila upande, katika uwanja wa duara lililorefushwa. Kupiga mpira kati ya milingoti miwili ya katikati ni pointi sita. Ukipita pembeni yake ni pointi moja. Hakuna sheria ya kuotea, kwa hiyo mshambuliaji anaweza kukimbilia popote, na kwa sababu hiyo hiyo ni lazima ajue aende wapi. Makocha wa huko huhesabu pia ni mara ngapi mshambuliaji amemkamata mpinzani karibu na lango, kwa kuwa mpira ulionyang'anywa pale huzaa bao upesi.

Katika mchezo huo yumo Majak Daw, aliyezaliwa Khartoum, akafika Australia na familia yake akiwa mtoto. Mwaka 2013 alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Sudan kucheza katika ligi kuu ya huko, na mwaka huo huo, akiwa mshambuliaji wa North Melbourne, alifunga mabao sita katika mchezo mmoja dhidi ya St Kilda. Miaka ya baadaye alihamishiwa nyuma, akacheza beki. Aliyejifunza kuusoma mchezo haogopi kubadilishiwa nafasi. Mwingine ni Aliir Aliir, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya. Mwaka 2021 alichaguliwa katika kikosi cha wachezaji bora wa mwaka wa ligi hiyo. Wote wawili walivuka mipaka wakiwa watoto, pamoja na familia zao. Tafadhalini liwekeni jambo hilo akilini, tutalirudia.

Sasa turudi nyumbani. Saidi Ntibazonkiza alizaliwa hapa Bujumbura mwaka 1987. Alicheza Vital'O, kisha Uholanzi, Poland, Uturuki na Ufaransa, halafu akaenda Tanzania. Msimu wa 2022/2023 alikuwa na miaka 35 ulipoanza, umri ambao wengi wamekwisha kutundika viatu. Akamaliza akiwa mfungaji bora wa ligi kuu ya Tanzania kwa mabao 17, sawasawa na Fiston Mayele wa Kongo. Mwezi Juni 2023, akiwa na Simba, alifunga mabao matano katika mchezo mmoja dhidi ya Polisi Tanzania. Sisi tuvaao sare tuliwahurumia wenzetu, lakini haki ya mtu tunaisema. Mbio za ujana zilikuwa zimepungua. Kilichobaki ni macho na akili. Vijana, miguu mmeazimwa, na akili ya mchezo ndiyo mali yenu.

Saido Berahino naye alizaliwa Bujumbura, mwaka 1993. Vita vilimkimbizia Uingereza akiwa mtoto. Mwezi Septemba 2013, akiwa na miaka 20, alifunga bao la ushindi la West Bromwich Albion katika uwanja wa Manchester United. Baadaye, kati ya mwaka 2016 na 2018, alipitisha zaidi ya siku 900 bila bao hata moja katika klabu. Hatusemi haya kumdharau. Aliichezea nchi yetu katika Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2019, na tulijivuna naye. Tunasema ili mjue kwamba hata mwenye kipaji kikubwa mabao humkimbia. Hakuna mchezaji awezaye kuahidi bao Jumapili ijayo. Kukimbia, kukaba na kutazama anaweza kuahidi, na kijana anayejua hivyo hakati tamaa lango linapofungwa.

Kombe hilo la 2019 lilikuwa la kwanza kwa Burundi. Katika michezo sita ya kufuzu hatukufungwa hata mmoja: tulishinda miwili, tukatoka sare minne. Fiston Abdul Razak alifunga mabao sita. Lakini timu haimalizi michezo sita bila kushindwa kwa mabao ya mtu mmoja. Humaliza hivyo kwa sababu wote kumi na mmoja wanalinda, tangu aliye mbele kabisa.

Ndugu zetu, sasa tunafika kwenye sababu iliyotuleta. Kijana mwenye sifa hizi huonekana. Akionekana na kocha mwema, ni baraka. Lakini huonekana pia na mtu mwingine. Mtu huyo huja na viatu vipya na simu nzuri, na maneno matamu. Huwaambia wazazi: mtoto wenu ana kipaji, ninayo timu Dar es Salaam, ninayo timu Nairobi, ninayo timu Ulaya, nipeni fedha za safari na karatasi zake. Familia huuza shamba au ng'ombe. Kijana huvushwa usiku kwa njia ya panya, au huvuka mchana kwa jina la mtu mwingine. Anapofika hakuna timu. Yuko katika mji asioujua, karatasi zake ziko mkononi mwa mwingine, na anaona aibu kurudi. Tangu hapo anaweza kufanyizwa kazi yoyote. Huo si uhamisho wa mchezaji; sheria ya Burundi ya tarehe 29 Oktoba 2014 inauita usafirishaji haramu wa watu, na ni kosa la jinai.

Kinga ya kwanza ni kujua kanuni. Kifungu cha 19 cha kanuni za FIFA kuhusu uhamisho kinasema kwamba mchezaji asiyetimiza miaka 18 hahamishwi kutoka nchi moja kwenda klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache. Ya kwanza ni pale wazazi wake wanapohama kwa sababu zisizohusu kandanda. Watoto waliokimbia hatari bila wazazi nao wana kanuni yao. Na iko sababu moja inayotuhusu sisi wa mipakani moja kwa moja: mtoto anayeishi umbali usiozidi kilomita 50 kutoka mpakani anaweza kuandikishwa na klabu ya nchi jirani iliyo pia ndani ya kilomita 50 kutoka mpaka huo, mradi kati ya nyumba na klabu isizidi kilomita 100, aendelee kulala kwao, na mashirikisho ya nchi zote mbili yakubali.

Tupimeni wenyewe. Mtoto wa Kinanira na klabu ya Uvira wanaweza kuingia katika kipimo hicho. Mtoto wa Kinanira na klabu ya Dar es Salaam au Nairobi hawaingii kabisa. Basi mtu akikwambia kwamba mwanao wa miaka 15 amekwisha kupata klabu huko, umekwisha kupata jibu. Kanuni inasema pia kwamba wakala ni lazima awe na leseni ya FIFA, na kwamba hawezi kumwendea mtoto bila idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi. Mkataba wa aliye chini ya miaka 18 hauzidi miaka mitatu.

Hatusemi vijana wasitoke. Amissi Tambwe alicheza Vital'O hapa nyumbani. Mwaka 2013 klabu hiyo ilitwaa Kombe la Kagame huko Sudan, naye akawa mfungaji bora wa mashindano. Ndipo Simba ya Tanzania ikamchukua, na msimu wa 2013/2014 akaongoza ligi ya huko kwa mabao 19. Alionekana kwao kwanza, akatoka kwa mlango wa mbele akiwa mtu mzima. Mcheza kwao hutunzwa.

Kwa hiyo tunawaomba mambo manne. Wazazi, msitoe fedha kwa ajili ya majaribio ya timu kabla ya kuuliza katika shirikisho la kandanda kama barua ya mwaliko ni ya kweli. Karatasi za mtoto zisitoke mkononi mwenu. Walimu wa timu, andikeni jina la kila mgeni anayekuja kutafuta wachezaji, na mtu anayemwendea nani. Na ninyi mnaoishi karibu na vivuko, mkiona vijana wanavushwa na mtu asiye ndugu yao, tuambieni mapema. Kijana aliyedanganywa hatutamwita mhalifu. Tutamwita mtoto wetu, na tutatafuta njia ya kumrudisha kwao.

Nanyi vijana, mmetusikia tukisema kwamba mshambuliaji mzuri hugeuza kichwa kabla mpira haujamfikia. Fanyeni hivyo hivyo anapokuja mtu na ahadi. Kabla ya kusema ndiyo, tazameni nyuma: mzazi yuko wapi? Tazameni kando: kocha anasemaje? Tazameni mbele: klabu ina jina na anwani, na je, imeandika? Anayewaharakisha msitazame ana sababu yake.

Sasa mwenye swali na aulize, na mwenye habari ambayo hapendi kuisema mbele ya watu, tutakaa hapa mpaka wa mwisho aondoke.