Klachi Mpya Ikikataa Kazi: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kuteremsha Giaboksi Tena

Maelezo yaliyotolewa kwa madereva, mafundi wa jua kali na vijana wenye magari katika karakana ya kaunti



Tangu Safari Rally iliporudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, mazungumzo ya magari hayaishi vijiweni, na si ajabu kumpata kijana mwenye Subaru Impreza ya tabo akitafuta klachi ya mashindano. Mmoja wao alinunua seti nzima: presha pleti yenye springi ngumu, klachi pleti na beringi. Fundi akaifunga kwa siku moja. Jioni injini ikawashwa, pedali ikakanyagwa hadi chini, na rivasi ikakataa kuingia ila kwa kelele za kusaga meno ya gia. Giaboksi ikateremshwa tena. Kila kitu kilionekana sawa, kikarudishwa, na kelele ikawa ile ile. Kijana akawa amelipa kazi mara mbili, na fundi amekwisha kusema kwamba duka limeuza mali mbovu.

Fedha zinauma, lakini hatari ni kubwa kuliko fedha. Klachi isiyoachia huendelea kusukuma gari hata pedali ikiwa chini. Dereva anasimama kwenye kivuko cha shule, gia ya kwanza imo, na gari linajivuta mbele kuelekea watoto.

Jambo la kwanza ni kujua ugonjwa wenyewe. Klachi isiyoachia na klachi inayoteleza ni magonjwa mawili, na dawa ya moja huharibu nyingine.

Ili kupima kama inaachia, gari liwekwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, magurudumu yazuiwe kwa mawe na mtu yeyote asisimame mbele wala nyuma. Injini inguruma polepole, pedali ikanyagwe hadi chini, mtu ahesabu polepole hadi kumi, kisha atie rivasi. Ikisaga, shafti ya giaboksi bado inazungushwa na injini. Sasa pedali ipigwe haraka haraka mara tano au sita, ishikiliwe chini, na rivasi ijaribiwe tena. Ikiingia vizuri safari hii, giaboksi isiguswe kwanza. Kosa huenda liko kwenye mfumo wa mafuta: kuna hewa ndani, au masta silinda imechoka.

Injini izimwe. Mtu mmoja akanyage pedali na mwingine aangalie silinda ndogo iliyo kwenye giaboksi. Fimbo yake inasogea kiasi gani? Kitabu cha gari kina kipimo. Ikisogea halafu ikarudi polepole ilhali pedali bado imeshikiliwa chini, mpira wa ndani unavujisha. Kisha bomba la mpira lishikwe kwa mkono wakati pedali inakanyagwa.

Hapo ndipo kisa cha yule kijana kilipoishia. Bomba lake lilikuwa la zamani, na kwa klachi ya kawaida lilitosha. Springi mpya ilidai nguvu zaidi, basi badala ya mafuta kusukuma silinda, bomba likawa linavimba kama chuchu ya ng'ombe asiyekamuliwa. Bomba jipya lilifungwa, hewa ikatolewa, rivasi ikaingia kimya. Klachi iliyotaka kurudishwa dukani ndiyo iliyo garini hadi leo.

Mafuta yenyewe ni ya breki, DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyoagiza. Anayeongeza oili ya injini kwa sababu chupa iko karibu anavimbisha mipira yote ya mfumo, na hapo atanunua silinda mbili.

Mfumo wa mafuta ukiwa mzima, ndipo giaboksi inateremshwa. Kosa la kawaida ni klachi pleti kufungwa kinyume. Nyingi zina maandishi yanayoonyesha upande wa flaiwili, na hayasomwi. Lingine ni kuiacha giaboksi ining'inie kwenye pleti wakati wa kufunga, ikaipinda katikati. Kwa Subaru nyingi za tabo zenye gia tano kuna la ziada: beringi yake huvuta, haisukumi. Ni lazima inase kwenye vidole vya presha pleti. Fundi avute uma kwa mkono kabla ya kufunga bolti za mwisho. Isiponasa, pedali itakuwa nyepesi na hakuna kitakachoachia.

Klachi inayoteleza hujulikana mlimani: dereva yuko gia ya juu, anakanyaga mafuta, injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki. Kwa klachi mpya, kwanza ikaguliwe kama pedali ina nafasi kidogo ya kucheza kule juu. Isipokuwa nayo, beringi inakandamiza muda wote. Baadaye atafutwe adui mwingine, yaani grisi au oili kwenye pleti, au flaiwili ya zamani isiyosawazishwa kwenye leithi. Na kuna dereva aliyeshindana barabarani siku ile ile ya kufunga. Watengenezaji wengi hutaka kilomita kama 800 za mwendo wa upole mjini. Safari moja ndefu ya barabara kuu haihesabiki sana, kwa kuwa klachi hufundishwa na kusimama na kuondoka.

Mtetemo wakati wa kuondoka ni habari nyingine. Pleti ya seramiki yenye vipande vichache, tena isiyo na springi katikati, hutetemeka kwa asili yake. Fundi hana cha kurekebisha. Mwenye gari la kwenda kazini na kurudi alinunua kisichomfaa, na afadhali aambiwe hivyo kuliko kutozwa tena.

Wakati wa kufungua, gari likae juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi. Vumbi la ndani lisipulizwe kwa hewa wala mdomo, kwani klachi za zamani zaweza kuwa na asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Na kwenye foleni, dereva atoe gia na kuachilia pedali. Springi ngumu ikishikiliwa chini kwa muda mrefu husukuma krankshafti upande mmoja na kula beringi zake, na hiyo si kazi ya klachi tena, ni kufungua injini.