Mahali pa Kukaa Wawili

(Haya ni maneno tuliyowaambia wanachama wa vikundi vya kujisaidia waliokutana Mnarani. Tumeyaandika ili vikundi ambavyo havikuweza kufika navyo viyasome na kuyajadili.)

Mmeacha makonde na biashara zenu, na wengine mmevuka daraja kutoka ng'ambo ya Kilifi, basi hatutawachelewesha. Leo hatuzungumzi juu ya mbuzi wala minazi. Leo tunaingia chumbani. Msicheke! Chumba tunachokisema ni kile cha kulala cha baba na mama wenye nyumba, na neno letu ni moja tu: katika chumba hicho pawe na mahali pa kukaa watu wawili, mbali na kitanda.

Najua kuna watakaosema, "Ah, hayo ni mambo ya mahoteli." Ni kweli, wenzetu wanaofanya kazi katika hoteli zilizo juu ya mkondo wameviona: viti viwili na meza ndogo karibu na dirisha, mgeni anakunywa chai yake hapo na mkewe. Lakini hebu tujiulize. Mgeni yule atakaa siku saba, kisha arudi kwao. Sisi tunaishi katika nyumba zetu miaka arobaini. Nani mwenye haja zaidi ya mahali pa kuketi na kushauriana?

KWA NINI CHUMBANI?

Tuzunguke nyumba pamoja. Nje chini ya mwembe pana upepo mzuri, lakini kila apitaye anasalimu, na jirani ana masikio. Sebuleni pana wageni, pana watoto na vitabu vyao, pana redio. Jikoni mama yuko na moshi, na baba hafiki. Panabaki chumbani, mahali ambapo hata mkwe haingii. Na huko chumbani pana nini? Pana kitanda, basi. Mnakaa juu yake, mnaanza kusema habari ya karo, na kabla hamjafika mbali mmoja amejinyoosha. Mwenzako akishalala chali, shauri limekwisha!

Kwa hiyo mambo makubwa ya nyumba zetu yanaamuliwa watu wakiwa wamesimama, mkono mmoja uko mlangoni. Mkopo wa kikundi unachukuliwa hivyo. Mtoto anatolewa shule hivyo. Hata shamba linauzwa hivyo. Tangu daraja letu lilipofunguliwa mwaka 1991 tunajionea wenyewe jinsi watu wanavyokuja upande huu kutafuta ploti. Mnunuzi anakuja asubuhi na mapema, anataka jibu kabla ya jua kuwa kali. Mtu asiyekuwa na mahali pa kumwambia mwenzake, "Njoo tukae kwanza," atajibu peke yake, na jibu la peke yake linaweza kuwatoa wote nje.

Sheria nayo inataka mzungumze. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema nyumba ya ndoa isiwekwe rehani wala kukodishwa mpaka wote wawili, mume na mke, wawe wamekubali kwa maandishi, tena wakielewa wanachokikubali. Sasa, mtu ataelewa vipi jambo ambalo hakuwahi kuketi akaelezwa? Sahihi ya haraka haraka si makubaliano.

WAZEE WETU WALILIJUA JAMBO HILI

Msidhani tunawaletea ugeni. Wenzetu wa Lamu, katika zile nyumba za mawe za karne ya 18, walikuwa na vyumba virefu na vyembamba. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mkoko zilizoshika dari, kama mita 2 na nusu hadi 3, usizidi hapo. Katika wembamba ule walifanya nini? Kitanda walikiweka mwisho wa chumba, nyuma ya pazia. Katikati walitandika mikeka, watu wakaketi. Vyombo vidogo waliviweka katika zidaka, yaani vile vishubaka vilivyojengwa ndani ya ukuta, ili visile nafasi ya sakafu. Chumba kimoja, lakini kulala kuna mahali pake na kukaa kuna mahali pake.

Hapa kwetu Mnarani mabaki tunayoyaona juu ya mkondo ni ya misikiti na makaburi, kwa hiyo hayatuonyeshi chumba cha kulala. Lakini nendeni Gedi, si mbali. Mji ule uliachwa karne ya 17, ukachimbuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948, na mwaka 2024 ukaingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Kikundi kikifanya safari huko, msitazame kasri peke yake. Ingieni katika zile nyumba za watu, mpime vyumba kwa hatua zenu. Mtaona ni vyembamba kama vyenu, na watu wakaishi kwa heshima.

Na nyumba ya kienyeji ya Kigiriama, ile ya nyasi, haikuwa na nafasi ya kupoteza. Juu ya moto palikuwa na uchaga wa kuwekea mahindi, na chini palikuwa na vigoda vya kukalia. Ufundi ulikuwa ni kujua kila kitu kinakaa wapi. Hilo ndilo tunalowaomba mlirudishe.

JINSI YA KUPANGA

Kwanza, toeni vitu. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na leo inameni kweli. Kuna debe lililotoboka, kuna baiskeli isiyo na gurudumu, kuna magunia ya mwaka juzi. Nafasi mnayosema hamna, mara nyingi imelaliwa na vitu visivyo na kazi.

Pili, pimeni. Chukueni ufito au kamba, mpime urefu na upana wa chumba, halafu mlango na dirisha. Kisha tokeni nje uwanjani, mchore chumba hicho kwa jivu, kwa ukubwa wake uleule. Tandikeni mkeka mahali pa kitanda. Ingieni kwa "mlango", mtembee, mkae. Ni afadhali kufuta jivu kuliko kubomoa udongo.

Tuchukue mfano wa chumba cha futi 10 kwa 12 na kitanda cha 4 kwa 6. Kitanda kikikaa katikati ya chumba, kimekula kila kitu. Kisukumeni kwenye pembe, kichwa kielekee ukuta mfupi. Upande wa miguuni mtabaki na futi 6 hadi ukuta wa pili. Hapo ndipo mahali penu.

Tatu, chagueni pembe ya kukaa. Isiwe mkabala na mlango, maana kila anayefungua atawaona. Iwe karibu na dirisha mpate mwanga na upepo. Kwetu upepo wa kusi unatoka kusini na wa kaskazi unatoka kaskazini mashariki, basi nyumba yenye tundu la hewa pande mbili inapata yote miwili. Dirisha litiwe wavu wa kuzuia mbu.

Nne, jengeni baraza ndogo ya pembeni. Mkono mmoja uwe futi 4 kwenye ukuta mfupi, na mkono wa pili futi 3 kwenye ukuta mrefu, kama herufi L. Kwa nini L? Watu wakikaa bega kwa bega wanatazama ukuta. Wakikaa uso kwa uso, inakuwa kama kesi kwa chifu. Wakikaa kwenye pembe, mnaonana lakini hamkabiliani. Kimo chake kiwe kama inchi 16 na kina chake inchi 18, ili mama mjamzito au mzee asipate taabu kuinuka. Kati ya baraza na miguu ya kitanda zitabaki futi 3, na hiyo ni njia ya kutosha.

Tangulizeni mawe chini kuzuia unyevu, jazeni kifusi, shindilieni vizuri, kisha pigeni lipu ya chokaa au simiti. Lakini sikilizeni: ikiwa ukuta wenu ni wa fito na udongo, baraza iliyogusana nao ni daraja la mchwa. Hapo ni afadhali benchi la mbao lililoachana na ukuta upana wa kiganja, mweze kuchungulia nyuma. Benchi pia linamfaa aliyepanga nyumba ya mtu, maana atahama nalo. Asiye na mbao, mkeka wa miyaa na mto mmoja wa kuegemea unatosha kuanza.

Tano, wekeni mahali pa daftari na taa. Anayejenga nyumba mpya amwambie fundi aache kidaka juu ya baraza. Nyumba ikiwa imekwisha kujengwa, msichimbe ukuta ovyo, maana ndio ulioshika paa. Pigilieni ubao mdogo.

MAMBO YA KUANGALIA SANA

Jiko la makaa lisiingizwe chumbani hata siku ya mvua. Moshi wake mbaya hauonekani wala haunuki, na katika chumba kilichofungwa unaua watu waliolala. Taa ya mafuta au mshumaa visikae karibu na chandarua wala makuti. Taa ya sola ni salama zaidi.

Chandarua kisisogezwe ili baraza ipate nafasi. Utafiti uliofanywa hapahapa Kilifi, ukachapishwa mwaka 1996, ulionyesha kwamba vyandarua vilivyotiwa dawa vilipunguza vifo vya watoto wadogo kwa asilimia 33. Kama nafasi ni ya kitu kimoja tu, chandarua kwanza, baraza baadaye. Na mkikaa kuzungumza usiku mbu wakianza kuuma, shauri liahirishwe hadi alfajiri.

Kuna mama mwenzetu atauliza, "Je, sisi ambao watoto wanalala humohumo?" Swali zuri. Basi mahali penu pawe pa mkeka, ukunjwe usiku watoto walale, utandikwe mchana wakiwa shule. Na mjane, au anayeishi peke yake, asidhani maneno haya hayamhusu. Kiti chenye mgongo karibu na dirisha ni mahali pa kunyonyesha mjukuu aliyeletwa na mamaye, pa kuhesabu pesa za kikundi bila macho ya watu, na pa kumkalisha mgonjwa aliyechoka kulala.

KUKAA PENYEWE

Baraza peke yake haisemi. Wekeni siku, mara moja kwa juma. Simu ibaki sebuleni. Mmoja akisema, mwenzake asimkate. Mkikubaliana, andikeni katika daftari: tumepata kiasi gani, tunadaiwa nini, tumeamua nini. Msipokubaliana, andikeni pia, mrudi juma lijalo. Hakuna mnunuzi wa shamba wala mwenye mkopo asiyeweza kungoja siku saba. Asiyeweza kungoja, muogopeni.

Tena tunasema hili wazi, kina baba mtusikie. Mlango wa chumba unafungwa kwa ajili ya heshima. Usifungwe kwa kumtisha mtu. Penye kipigo hapana kikao. Anayemwogopa mwenzake asiketi naye peke yake. Aende kwa mzee anayemwamini au kwa chifu, na akiumizwa aende hospitali kwanza.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Hatuombi mchango mpya. Kikundi chenye watu kumi kinaweza kusaidia nyumba moja kila mwezi: wenye nguvu washindilie kifusi, wajuzi wa ukili wasuke mkeka, fundi wa kikundi apige lipu. Mwenye nyumba atoe mawe na chai. Kabla mwaka kuisha nyumba kumi zina mahali pa kushauriana. Waswahili walisema haba na haba hujaza kibaba.

Na msiende kukaguana vyumba! Chumba cha mtu ni siri yake. Mkitaka kujua kama kazi imefaa, msiulize baraza ni nzuri namna gani. Ulizeni kama mwenzenu, alipokuja kuomba mkopo, alisema "nataka" au alisema "tumekubaliana". Hapo mtajua.



Maswali ya kujadili kikundini:

1. Jambo kubwa la mwisho mliloamua nyumbani, mlikuwa mmekaa wapi?

2. Katika vyumba vyetu, ni vitu gani vinakula nafasi bila kazi?

3. Je, kikundi chetu kikubali ombi la mkopo kabla ya mume na mke kuzungumza?

4. Tuanze na nyumba ya nani, na kabla ya mvua za masika tunaweza kumaliza ngapi?