Kuchora si Kupoteza Muda
(Mchoraji wa vipeperushi vya afya alipozungumza na wanafunzi wa sekondari)

Nyuma pale mnanisikia? Haya.

Nimeambiwa humu ndani wamo ambao madaftari yao ya hesabu yamejaa katuni. Msiyafiche! Nimewajia ninyi.

Yupo mchoraji wa Uingereza, David Hockney, aliyezaliwa Bradford mwaka 1937. Katika shule yake, wavulana wenye alama za juu hawakufundishwa sanaa. Somo hilo liliachiwa darasa la wale wa mwisho. Basi akafanya vibaya makusudi ili ashushwe huko! (Walimu msininunie, nasimulia tu.) Alipofika miaka 16 akaingia chuo cha sanaa.

Mwaka 2009, akiwa ameshapita miaka 70, akaanza kuchora kwa kidole kwenye simu. Kioo cha simu kina mwanga wake, kwa hiyo aliweza kuchora mapambazuko akiwa kitandani bila kuwasha taa. Mwaka uliofuata akapata iPad. Mwaka 2011 akaichorea barabara ya Woldgate, karibu na kwake, miti ikichipua.

Mwaka 2012 akapata kiharusi kidogo. Kiharusi ni pale damu inaposhindwa kufika sehemu ya ubongo, au mshipa unapopasuka humo. Yeye kiliyumbisha maneno: anaanza sentensi, kuimaliza hawezi. Mkono wa kuchora ukabaki mzima. Mwaka 2013 akarudi Woldgate ileile, safari hii na mkaa. Ndiyo, mkaa, kama ule mliochorea ukutani mkachapwa! Akatoa michoro 25.

Jamani, kiharusi hakiwapati wazee peke yao. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, usisubiri kesho, wala usianze na kukanda. Hospitali, saa hiyohiyo.

Mama yangu mkubwa kilimpata, maneno yakapotea kabisa. Akili anayo, anatutazama, hasemi. Nikamchorea kwenye karatasi kikombe, kitanda, choo, na sura zetu wote. Akawa anaonyesha kwa kidole anachotaka. Siku ya tatu akaninyang'anya kalamu, akachora mwenyewe duara lenye vijistari. Nyumba nzima tukabishana: ni jua? Ni ua? Kumbe feni. Alikuwa anasikia joto.

Haya, nani ana swali?